Mihuri Mitatu ya Gari la Umeme

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Barua imekuja. Si ya kwangu, ni ya gari. Siku hizi gari letu la umeme linapokea barua nyingi kuliko mimi.

Inasema dhamana ya kawaida inakwisha Jumamosi hii, saa sita kamili mchana. Kuanzia saa sita na dakika moja, betri ikifa, msiba ni wetu wenyewe. Lakini ipo dhamana ya nyongeza, miaka mitano zaidi: betri, mota, chaja, vyote ndani. Masharti mawili tu. Gari likaguliwe kabla ya siku hiyo. Na kitabu cha huduma kiwe na mihuri mitatu, mmoja kwa kila mwaka.

Mihuri mitatu! Nimekitafuta kitabu, nimekikuta kwenye droo ya vijiko. Cheupe pe. Hakina hata alama ya kidole.

Nieleze, maana hapa nipo peke yangu. Mke wangu ni mkunga. Gari ni lake, kwa jina na kwa jasho, na bila hilo kuna kina mama wangejifungua wakimtazama mlangoni asitokee. Mimi nimekuwa fundi wa magari ya petroli miaka thelathini. Gereji ilifungwa, weusi chini ya kucha umebaki. Kuhusu gari hili nimepewa kazi moja tu. Mara moja kwa mwaka nilipeleke karakana ya wakala lifanyiwe huduma, tena bure.

Mwaka wa kwanza nilifika hadi getini. Nikaona binti amesimama mlangoni, koti la kazi limepigwa pasi, miwani ya kinga kichwani, anawapa maelekezo wanaume wanne. Spana Kumi! Mwanafunzi wangu! Jina nilimpa mimi, kwa sababu nikimtuma spana yoyote alikuwa akiniletea namba kumi. Sasa ndiye fundi mkuu. Mimi nimkabidhi ufunguo Spana Kumi? Afadhali nimeze nati. Nikageuza gari.

Tangu hapo, kila siku ya huduma nalipeleka kwenye uwanja wa gereji yetu ya zamani. Nacheza drafti hadi saa tisa, nalifuta vumbi, narudi nyumbani. Namwambia mke wangu gari ni zima. Na ni zima kweli! Miaka mitatu halijakohoa hata mara moja. Nalipenda gari hili kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu wa petroli.

Mke wangu ameisoma barua, ameibandika kwenye friji. Akasema kama nina lolote la kumwambia kuhusu gari, nimwambie kabla ya Jumamosi. Nikamwambia aondoe shaka. Akanitazama kidogo, akaenda kupiga pasi sare yake. Mwanamke yule ananiamini mno.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mhuri ni nini? Ni mpira na wino!

Mchonga mihuri ana meza yake nje ya posta. Nilimwomba anichongee mhuri wa karakana ya wakala. Akakataa katakata. Akasema yeye anachonga mihuri, hachongi kesi. Nilibembeleza. Tukakubaliana juu ya mhuri usio na mwenyewe: IMEKAGULIWA, na nyota pembeni. Nyota ni wazo langu. Inaleta heshima.

Mke wangu alikuwa kazini. Nikatandaza gazeti mezani. Kalamu ya bluu kwa mwaka wa kwanza. Nyeusi kwa wa pili. Kwa wa tatu, bluu inayokaribia kuisha, ili ionekane fundi alikuwa na haraka. Yule wa mwaka wa pili nimemfanya wa mkono wa kushoto. Kisha nikazipaka kurasa chai kwa pamba, nikazianika dirishani. Zimezeeka vizuri kunishinda mimi.

Na maelezo! Nilidhani nitakwama, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Miaka thelathini si mchezo. Oili ya injini imebadilishwa. Plagi nne zimewekwa mpya. Kabureta imesafishwa. Mkanda wa feni umekazwa. Sikusita hata kwa neno moja. Ng'ombe hazeeki maini!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimekipeleka kitabu kaunta. Nilivaa kofia na miwani ya jua. Karani wa kaunta, mama mwenye sauti ya kusomea matangazo, akaniita "baba" na kuniuliza kama macho yananiuma.

Alikipokea, akakiandika nambari, akanipa stakabadhi. Kisha akanisomea masharti, na sauti ile ikasikika hadi barabarani. Matairi hayamo kwenye dhamana. Wala vifuta kioo. Wala uzembe. Na kitabu kikigundulika kuwa na uongo, gari linapoteza dhamana zote na halitazipata tena maisha yake yote. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mji wa mbali. Ukaguzi ni Ijumaa, saa nne asubuhi.

Ningeondoka. Lakini kuna kioo kikubwa kati ya kaunta na karakana, na nyuma ya kioo alikuwepo Spana Kumi anafanya kazi.

Alichukua glavu nene za mpira. Kabla ya kuzivaa alizijaza hewa, akazikunja mdomo, akazibana karibu na shavu asikie kama kuna tundu. Moja, kisha nyingine. Akachomoa kifaa cha kukata umeme, akakitia mfukoni mwake na kufunga zipu. Halafu akatazama saa, akavuta kigoda, akakaa mikono magotini. Dakika kumi nzima! Umeme uliobaki ndani uishe wenyewe. Hakuna aliyemharakisha. Hakuna aliyethubutu.

Mimi katika maisha yangu sijawahi kulisubiri gari dakika kumi. Nimesimama pale hadi kioo kikapata ukungu wa pumzi yangu. Anajua kazi, mtoto yule. Nimeudhika njia nzima.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo nimeliandaa gari. Nikasema nianze kwa kuosha injini, kama ilivyo desturi. Nikachukua ndoo, brashi na sabuni, nikafungua boneti kwa mara ya kwanza tangu tulinunue.

Ndani kuna sanduku la plastiki. Ndani ya sanduku kuna buti za mpira za mke wangu, aproni mbili na katoni ya glavu.

Hakuna injini. Nilijua kwamba hakuna injini! Kila mtu anajua. Lakini kujua ni jambo moja, na kusimama na brashi ya injini juu ya buti za mkeo ni jambo lingine.

Ndipo nikakumbuka plagi nne.

Nilikaa chini, hapo hapo, kwenye sabuni. Plagi nne. Kabureta. Oili, kila mwaka, miaka mitatu! Na kitabu kiko kaunta, kina nambari. Mzoea punda hapandi farasi. Na mimi farasi nimempanda, kisha nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nimemkata pembe.

Nikasema basi, angalau gari lenyewe liwe safi. Nikalikagua lote. Na hapa naandika kwa mshangao wa kweli. Mafuta ya breki: angavu, kama ya jana. Maji ya kupoza betri: yamefika kwenye mstari wa juu. Filta ya hewa ya ndani: nyeupe. Matairi yameliwa sawasawa, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akiyabadilisha ya mbele na ya nyuma. Miaka mitatu bila kuguswa! Gari hili linajitibu lenyewe. Aliyelibuni apewe maua yake.

Mchana nimepiga simu karakana. Nimebana pua, nikasema mimi ni mkaguzi kutoka makao makuu, naagiza kitabu cha gari fulani kirudishwe nyumbani kwa mwenyewe kwa sababu za kiusalama. Karani akaniambia kwa upole, "Baba, namba yako inaonekana hapa." Akanitakia mafua yapone haraka. Akaongeza kwamba kitabu kimeshafika mezani kwa fundi mkuu.

Mke wangu amerudi jioni, amechoka, anacheka peke yake kwa sababu ya mapacha. Akauliza kama kuna lolote kuhusu gari. Nikamwambia limeoshwa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku ndefu. Niandike taratibu.

Saa nne kasoro nilikuwa getini. Nilijiandaa kwa dharau. Nilikuwa na majibu yangu matatu makali mfukoni. Spana Kumi akatoka, akafuta mikono, akaja hadi mlangoni mwa gari. "Shikamoo, fundi!" Mbele ya watu wote! Nikasema marahaba kwa sauti isiyo yangu. Akawageukia wale wanaume wanne, akawaambia huyu ndiye aliyemfundisha kushika spana. Wakaniamkia mmoja mmoja. Majibu yangu matatu makali hayakupata pa kutokea.

Akalipandisha gari juu. Nilimfuata kila hatua. Alipapasa nyaya nene za rangi ya machungwa mwanzo hadi mwisho, akitafuta mchubuko. Akachungulia breki, akawaeleza wale vijana kwa nini bado nene: gari hili likipunguza mwendo, mota yenyewe hushika na kuurudisha umeme kwenye betri, breki hubaki kama msaidizi. Akaipima betri kwa kompyuta. Ina afya njema. Na kila bolti aliyoifungua aliiweka juu ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio wa mahali ilipotoka, kama ramani ndogo. Nikauliza nani alimfundisha hivyo. Akashangaa swali. Akasema, "Si wewe, fundi?"

Kisha akaniomba tuingie ofisini. Akafunga mlango. Akatoa kitabu kwenye droo.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Alisoma kwa sauti ya chini, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye nyota. Kisha akauliza, kwa adabu, plagi nne niliziweka wapi.

Nikasema ni za akiba. Akakaa, mikono magotini, kama siku ile anangoja umeme uishe. Haikufika hata dakika mbili. Nilisema yote: geti, drafti, mchonga mihuri, chai kwa pamba.

Akasema jina litakalokwenda chini ya karatasi ni lake, na chini ya jina lake hakujawahi kuwa na uongo. Kuchana kitabu hawezi, kimeshapewa nambari. Anayeweza kukiondoa ni mwenye gari tu, kwa mkono wake, kabla ya saa sita kesho. Vinginevyo lazima akipeleke kilivyo, na gari la mke wangu halitapata dhamana tena. Akanipa fomu ya kuondolea. Akasema yeye hatamwambia mke wangu kitu. Hilo ni langu.

Nikamwomba anihurumie. Ndipo akanikumbusha. Mwaka wake wa kwanza gerejini aliunguza nyaya za gari la mteja. Alilia, akataka azifunge utepe, azifunike. Mimi nikamwambia nenda ukamwambie mwenyewe kabla hajawasha gari, mimi nitasimama nyuma yako. Na nikasimama.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe nilishawahi kuwa mtu wa maana! Huyo binti nimemkimbia miaka mitatu, naye miaka yote hiyo amekuwa akiniheshimu. Nampenda kama mwanangu, na sijawahi kumwambia.

Nimefika nyumbani na gari, nia ninayo, maneno ninayo. Mke wangu akachukua ufunguo nikiwa bado navua viatu. Ana zamu hadi kesho. Nikashukuru kimoyomoyo, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Saa tatu asubuhi nimekwenda kwa miguu hadi kliniki ya wazazi. Njiani, sikatai, nilipata wazo. Fomu ya kuondoa kitabu niliikunja ndani ya karatasi ya ankara ya maji. Atasaini ankara, nitavuta chini, atasaini na ya pili. Wanandoa husainiana karatasi kila siku.

Akatoka saa nne na nusu, kofia ya kazini kichwani. Nikampa kalamu. Nilisahau nimemwoa nani. Yule mwanamke husoma hata karatasi ya sabuni! Akaisoma ankara yote. Akaisoma fomu yote. Akauliza kwa nini anaomba kuondoa kitabu ambacho hakukipeleka.

Basi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tulikuwa kwenye benchi la korido, watu wanapita na mashuka. Nilisema. Sikubakiza hata nyota. Nilisema sikwenda hata mara moja, kwamba niliona aibu kumpa ufunguo mwanafunzi wangu, kwamba kwa aibu hiyo nimekaribia kuliua gari linalompeleka kwa watu wake. Nikasema nisamehe. Sauti ilikatika, nisidanganye.

Alifungua mdomo kujibu. Mlango ukafunguka, akaitwa. Mama mmoja alikuwa tayari. Akaenda mbio na fomu yangu mfukoni mwa aproni!

Saa ya ukutani: saa tano kasorobo. Sijawahi kukaa kwenye benchi gumu vile. Kijana aliyekaa kando yangu, anatokwa jasho, akaniuliza kama ni mtoto wangu wa kwanza. Nikamwambia siyo, ni gari. Akahamia mwisho wa benchi.

Saa tano na dakika ishirini na tano, kilio cha mtoto. Kijana yule akarudi kunikumbatia. Mke wangu akatoka, amenawa, uso unang'aa kama kawaida yake baada ya kazi. Mimi ningekuwa nimeshapiga kelele. Yeye akafungua mkoba wake, akatoa kitabu kingine cha huduma. Kina mihuri mitatu ya karakana, halisi. Sahihi ya Spana Kumi, mara tatu.

Anajua tangu mwaka wa kwanza! Simu yake humwonyesha gari lilipo. Siku ile ya huduma ilimwonyesha limelala kwenye uwanja wa gereji ya zamani tangu saa nne. Siku yake ya mapumziko akalipeleka mwenyewe, akaomba kitabu kingine, na kila mwaka hivyo hivyo. Mafuta ya breki, filta, matairi, yote! Na mimi nililisifu gari. Akamwomba Spana Kumi asiseme, ili nisidhalilike mbele ya mwanafunzi wangu. Leo angekipeleka kitabu hicho mwenyewe, lakini alitaka kwanza nimwambie kwa mdomo wangu. Hakujua kwamba nimeshapeleka kingine chenye kabureta.

Akasema amewahi kungoja watoto wagumu, lakini mimi nimezidi wote. Miaka mitatu!

Aliendesha yeye. Gari halikutoa hata sauti, ila mimi nilikuwa nikipumua kwa ajili yetu sote. Tumefika saa sita kasoro dakika nane. Mke wangu akaweka fomu na kitabu cha kweli juu ya kaunta. Karani akasoma nambari ya kitabu changu kwa sauti ile ile, akakirudisha kwangu kwa ncha za vidole viwili. Spana Kumi akatia sahihi saa sita kasoro dakika mbili. Miaka mitano!

Yeye na mke wangu wakasalimiana, wakashikana mikono, na kutazamana kama watu waliobeba mzigo mmoja njia ndefu. Mimi nilisimama nyuma yao. Nimeishi na watu wakubwa, nami nilikuwa nacheza drafti.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Siku njema. Usipoziba ufa utajenga ukuta; ufa tumeuziba. Mke wangu amenipa kitabu kipya cha dhamana ya nyongeza nikitunze. Kina kurasa tano safi. Kazi yangu ni ile ile moja: kila mwaka nipeleke gari na kumpa Spana Kumi ufunguo mkononi. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo. Kisha akalala, maskini, hajalala vya kutosha tangu juzi.

Nimekaa mezani nikiwafikiria. Mke wangu anachoka. Spana Kumi ana foleni ya magari hadi getini, na bado akae ajaze vitabu vya watu kwa mkono. Baada ya yote waliyonitendea, mimi nimewafanyia nini? Wazo limenijia nikipiga mswaki.

Mhuri bado upo, na wino haujakauka. Nimewajazia miaka yote mitano, kabisa, mpaka mwisho. Wao watabaki na kazi ya kukagua tu. Na safari hii nimekuwa mwangalifu. Oili sikuiandika. Plagi sikuitaja hata moja. Mtu akikosea hujifunza.

Mwaka wa nne nimeongeza kitu kidogo, kwa mapenzi: bomba la moshi limezibuliwa.